Kuwinda sungura kwa mbwa wa mbio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, sungura wote huwindwa kwa njia moja?

Hapana. Kiswahili kinamwita sungura tu (kititi na kitungule husikika pia, bila kutofautisha), ilhali porini kuna wanyama wawili wenye tabia mbalimbali kabisa. Hapa tutawaita sungura wa mashimo na sungura wa nyikani.

Sungura wa mashimo ndiye chimbuko la sungura wote wa kufugwa. Anaishi na wenzake katika mashimo yaliyounganika chini ya ardhi, ana uzito wa kilo 1.2 hadi 2, na watoto wake huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba. Hatoki mbali na mlango wake. Akishtuka, hesabu yake yote ni mita zilizobaki kufika shimoni, na mbio zake huisha kwa sekunde chache, ama mdomoni mwa mbwa ama chini ya ardhi.

Sungura wa nyikani hana shimo. Hulala peke yake juu ya ardhi, kwenye kilalio ambacho ni kibonyeo tu kando ya shungi la nyasi, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Ana masikio marefu na miguu mirefu ya nyuma. Yule wa Ulaya hufika kilo 3 hadi 5, na kasi yake hukaribia kilomita 70 kwa saa. Sungura wengi wa porini kusini mwa Sahara ni wa kundi hili, na wale wa masikio marefu wa nyanda kame za Marekani vilevile.

Kwa hiyo unachagua mbwa kwa kumtazama sungura wako. Wa mashimo anataka mbwa wa kuchomoka haraka na kugeuka papo hapo. Wa nyikani anataka mbwa mwenye pumzi.

Mbwa wa mbio ana nini ambacho mbwa wengine hawana?

Anawinda kwa macho. Mbwa wa kunusa, kama Beagle, hufuata harufu polepole na anaweza kuendelea saa nzima. Mbwa wa mbio humwona mnyama, humfuata kwa kasi yake yote, na jambo huisha kwa dakika moja au mbili. Kifua chake ni kirefu kwenda chini, moyo ni mkubwa kwa mwili wake, mgongo unajikunja kama upinde, na mafuta ya mwili ni kidogo sana. Katika kila mzunguko mmoja wa hatua zake, miguu yote minne huwa hewani mara mbili: mara moja ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, na mara ya pili ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma. Farasi akienda mbio huwa hewani mara moja tu.

Umbo hili lina gharama zake. Ngozi ni nyembamba na huchanika kwa waya ambao mbwa mwingine angeupita bila alama. Damu ya Greyhound huwa na chembe nyekundu nyingi, mara nyingi asilimia 50 hadi 65, na daktari asiyewazoea mbwa hawa anaweza kudhani kuna ugonjwa. Pia huchelewa kuzinduka kutoka baadhi ya dawa za usingizi, hasa za jamii ya thiopentali. Mkumbushe daktari wa mifugo kabla hajamlaza mezani.

Nichukue mbwa wa aina gani?

Kwa sungura wa mashimo, Whippet ni vigumu kumpita. Ana kimo cha sentimita 44 hadi 51 begani, anafika kasi yake ya juu ndani ya hatua chache, na kwa kuwa ni mwepesi anaweza kukata kona bila kujivunja. Udhaifu wake ni ngozi na baridi.

Greyhound ndiye mwenye kasi kuliko wote, lakini katika shamba dogo lenye ua kasi hiyo ni balaa. Ni mbwa wa kilo 30 anayeshindwa kusimama kabla ya waya. Yeye ni wa uwanda mpana. Ndugu yake wa Uhispania, Galgo, ni mwepesi zaidi na ana pumzi ndefu. Kwa sungura wa nyikani kwenye mashamba makubwa yaliyovunwa ndiye tunayempendelea. Saluki naye anaanza taratibu, anaachwa nyuma, kisha baada ya kilomita moja sungura anachoka na yeye bado. Kwenye joto na ardhi ngumu yeye, Sloughi wa Afrika Kaskazini na Azawakh wa ukanda wa Saheli wako nyumbani. Tazy wa Kazakhstan, Magyar Agár wa Hungaria na Chart Polski wa Poland ni wa kazi hiyohiyo katika nyanda za kwao.

Kuna pia machotara. Mbwa wa mbio akizalishwa na mbwa wa kuchunga kondoo au na terrier (mbwa mdogo shupavu wa kuwafukuza wanyama mashimoni), Waingereza humwita lurcher, na kwa mwindaji wa kawaida mara nyingi huyu ndiye mwenye faida. Damu ya mbwa wa mchungaji humpa utii na kumbukumbu, damu ya terrier humpa manyoya magumu na ujasiri wa kuingia kwenye miiba. Usipite kiasi: damu ya mbio ikishuka chini ya nusu, utabaki na mbwa mwerevu anayemsindikiza sungura tu.

Kundi la tatu ni mbwa wa masikio yaliyosimama wa Bahari ya Kati: Podenco wa Ibiza, Podengo wa Ureno, Cirneco wa Sicily, na yule wa Malta anayeitwa Kelb tal-Fenek, maana yake mbwa wa sungura. Hawa hutumia macho, pua na masikio kwa pamoja. Kwenye vichaka na mawe, ambako mbwa wa macho pekee anapoteza windo kwa sekunde mbili na kusimama kama mgeni, wao husikiliza, hunyanyuka kwa miguu ya nyuma kuchungulia, na kuendelea.

Je, ni halali?

Inategemea uko wapi, na katika jambo hili usitegemee maneno ya wenzako. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2004 ilianza kutumika England na Wales tarehe 18 Februari 2005. Inakataza kuwinda sungura wa nyikani kwa mbwa, lakini inaruhusu sungura wa mashimo kwa idhini ya mwenye ardhi. Mwaka 2022 adhabu za kuwakimbiza sungura wa nyikani ziliongezwa na zinaweza kufika kifungo. Ireland inaruhusu mashindano ya kuwakimbiza sungura wa nyikani katika uwanja uliofungwa, na tangu 1993 mbwa huvishwa kizibo cha mdomo. Uhispania inaruhusu uwindaji kwa Galgo, kwa msimu na leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyamapori mwaka 1977.

Panaporuhusiwa bado kuna mambo manne ya kuulizia: leseni, msimu, idadi ya sungura kwa siku, na kama kuwinda usiku kwa taa kunakubalika. Idhini ya mwenye ardhi iwe ya maandishi, ikitaja mipaka. Mbwa akivuka ua anakuwa kwenye ardhi ya mtu mwingine, na yeye hasomi ramani.

Nahitaji vifaa gani?

Kimoja ni muhimu kuliko vyote: kamba ya kuachia. Kola iwe pana, sentimita 4 hadi 5, kwa sababu shingo ya mbwa wa mbio ni nene karibu sawa na kichwa chake. Kola nyembamba humkaba koo au humtoka kichwani. Kwenye kola pana kuna pete ya chuma. Chukua kamba laini ya mita 2. Upande mmoja una kitanzi kinachokaa kwenye kifundo cha mkono wako. Upande wa pili hupita ndani ya pete na kurudi mkononi, ukashikwa kwa vidole tu. Ukifungua vidole, kamba inateleza ndani ya pete na mbwa yuko huru.

Sasa angalia panapoharibika. Ncha inayoshikwa kwa vidole isiwe na fundo wala nyuzi zilizochanguka. Fundo likinasa kwenye pete, mbwa wa kilo 25 aliyekwisha ruka hurudishwa na shingo yake mwenyewe, au wewe unaangukia uso. Usizungushe ncha hiyo kwenye vidole kwa ajili ya kuishika vizuri. Vidole huvunjika hivyo. Kamba ikilowa huteleza kwa shida, basi ijaribu mara mbili kabla ya kuingia shambani. Kwa mbwa wawili hutumika kamba yenye kola mbili zinazofungwa na pini, na pini zote huchomoka kwa mvuto mmoja.

Baada ya hapo: maji lita 2 kwa kila mbwa, bakuli, kisu, fimbo fupi nzito, glavu za mpira, filimbi, na mfuko wa huduma ya kwanza kwa majeraha tutakayoyataja chini.

Mbwa aanze kujifunza akiwa na umri gani?

Kujifunza kunaanza wiki ya nane, kuwinda kunaanza baada ya mwaka. Watu huchanganya haya mawili.

Katika miezi sita ya kwanza mfundishe kuitika jina, kuja kwa filimbi, kutulia akifungwa kamba, na kupita katikati ya kuku, mbuzi, kondoo na ng'ombe bila kuwajali. Hili la mifugo halina mjadala. Mbwa anayekimbiza kondoo mara moja huenda akapigwa risasi, na hata kama hakupigwa, hakuna mwenye ardhi atakayemruhusu tena. Mpe ngozi kavu ya sungura iliyofungwa kwenye kitambaa, mara tatu au nne tu kwa siku, ailete mkononi mwako. Usimkimbilie, usimpokonye. Piga magoti, geuka upande, mwache aje.

Kuanzia miezi minane mfundishe kuruka kizuizi cha sentimita 30, kwa neno moja lisilobadilika. Usipandishe kimo kabla ya mwaka, kwani ncha za mifupa bado ni laini. Kwenye uzio wa waya, tundika gunia juu ya uzi wa juu ili auone. Mbwa wengi huumia si kwa kuwa hawawezi kuruka bali kwa kuwa hawakuuona waya.

Mbio za kweli zianze miezi 12 hadi 14 kwa mbwa wadogo, miezi 15 hadi 18 kwa wakubwa. Sungura wa kwanza awe rahisi: wa mashimo, mbali na shimo lake, kwenye nyasi fupi. Mbwa mchanga aliyeachiwa sungura wa nyikani watano wenye nguvu, akashindwa wote, hujifunza kwamba kukimbia hakuna maana. Wengine huanza kubweka wakiwa mbioni, na hilo haliponi kirahisi.

Namwandaaje kimwili?

Mpe wiki nane. Wiki tatu za kwanza ni kutembea kwa kamba, kilomita 5 hadi 8 kila siku, sehemu kubwa kwenye barabara ngumu ili nyayo zikomae na kucha zipungue. Wiki ya nne hadi ya sita ongeza mwendo wa kukimbia polepole kando ya baiskeli, dakika 20 hadi 30, siku moja ndiyo na siku moja hapana, na mlima ukipatikana. Wiki mbili za mwisho weka mbio fupi za mita 200 hadi 300, tatu kwa kipindi, mara mbili kwa wiki. Siku moja kila wiki apumzike kabisa.

Utajuaje yuko tayari? Mtazame kwa ubavu: mbavu mbili au tatu za mwisho zionekane, nyama ya paja iwe ngumu na iliyogawanyika. Kisha sikiliza pumzi. Baada ya mbio za mita 300, mbwa aliyekamilika hufunga mdomo ndani ya dakika chache na kuanza kunusa nyasi.

Ale nini, na saa ngapi?

Mbwa wa kilo 25 aliye kazini hula takriban gramu 400 hadi 500 za chakula kikavu bora kwa siku, au nyama na nafaka zenye nguvu sawa. Mpime kila wiki na urekebishe. Siku ya kuwinda mpe robo ya chakula chake, muda wa saa nne au zaidi kabla ya kukimbia, na kilichobaki apewe jioni, pumzi ikishatulia, si chini ya saa moja na nusu baada ya mbio. Kifua kirefu huacha tumbo likining'inia na nafasi ya kujipindua. Tumbo likijipindua hujaa gesi, mbwa hujaribu kutapika bila kutoa kitu, na asipofika kwa daktari mapema hufa. Maji vilevile: mikupuo michache, kila baada ya dakika chache, si bakuli zima kwa pumzi moja.

Shambani tunatembeaje?

Kwa mstari, mita 10 hadi 15 kati ya mtu na mtu, mwenye mbwa akiwa katikati na hatua mbili tatu nyuma. Sungura wa nyikani hutegemea kutoonekana. Atakaa kwenye kilalio mpaka mguu wako uwe karibu kumkanyaga. Wanaokwenda haraka humpita. Nenda polepole na simama ghafla kila hatua ishirini hivi: mwendo usiokatika humtuliza, bali kimya cha ghafla humtia wasiwasi na ndipo hukurupuka. Tafuteni penye kukinga upepo, kwenye matuta ya shamba lililolimwa, pembezoni mwa mabua.

Anayemwona kwanza asipige kelele. Anainua mkono kuelekea aliko sungura, basi.

Nimwachie mbwa wakati gani?

Hapa ndipo siku inapofanikiwa au kuharibika, na ni kazi ya sekunde mbili. Kwa sungura wa mashimo, achia mara moja, kama yuko mbali na shimo kuliko mbwa alivyo mbali naye. Kama sivyo, usiachie kabisa. Kwa sungura wa nyikani, mpe nafasi ya mita 60 hadi 80. Ukimwachia mbwa sungura akiwa chini ya miguu, mbwa huruka bila mpango, humpita, na huvunja kidole kwenye kona ya kwanza.

Katika sekunde hizo mbili tazama macho ya mbwa, si ya sungura. Mbwa aliyemwona hukaza shingo, masikio husimama nusu, na kichwa huhama polepole kikifuata. Kichwa kikiyumba huku na huku, hajamwona. Ukimwachia atakimbia kuelekea mahali popote, na mbwa anayekimbia bila shabaha hugonga vitu. Kisha tazama mbele: barabara, waya, mtaro, mawe yaliyojificha kwenye nyasi? Na pumzi yake imerudi tangu mbio zilizopita?

Wakikurupuka sungura wawili kwa mpigo, shika kamba. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa vyote viwili humponyoka.

Kutoachia ni ujuzi pia. Mwindaji mzuri hurudi na kamba iliyobanwa mara nyingi kuliko iliyofunguliwa.

Mbwa mmoja au wawili?

Kwa sungura wa mashimo, mmoja. Wawili hugongana, na mbwa wawili wakigongana uso kwa uso kwa kasi hiyo huvunjika shingo. Kwa sungura wa nyikani, wawili wanaojuana na wenye kasi inayolingana hufanya kazi nzuri: mmoja humgeuza, mwenzake humpokea. Zaidi ya wawili si uwindaji tena.

Kwa nini anamfikia lakini hamkamati?

Kwa sababu sungura anamngoja. Sungura wa nyikani asiye na wasiwasi hukimbia masikio yakiwa juu. Mbwa akikaribia, masikio hulala mgongoni. Pua ya mbwa ikifika usawa wa mkia, sungura hutupa miguu yake ya nyuma upande na kugeuka karibu pembe mraba, wakati mwingine kurudi alikotoka. Yeye ni kilo 4, mbwa ni kilo 28. Mbwa huendelea mbele mita kadhaa akichimba udongo kwa kucha, na akishageuka, sungura yuko mita 15 mbele.

Kona ya kwanza ni ya mwenye kasi; ya nne na ya tano ni za mwenye pumzi na akili. Mbwa aliyekomaa hupunguza kidogo kabla ya kuuma, na utaona hatua zake zinafupika. Hilo halifundishwi, huja kwa mbio nyingi. Unachoweza kufanya ni kuchagua mbwa asiye mzito mno, na kuepuka kilima: miguu mirefu ya nyuma humpa sungura faida ya kupanda, na yeye anajua. Hujua pia kila tundu la uzio.

Kuna kasoro nyingine inayofanana na hii kwa mbali. Ukimwona mbwa anaacha kumfuata sungura na kukata njia kumngojea mbele, amejifunza ujanja. Katika mashindano hilo ni aibu. Anayewinda kwa ajili ya chungu hatalalamika.

Kuwinda usiku kwa kurunzi kunafanywaje?

Panaporuhusiwa, ni kwa sungura wa mashimo tu. Chagua usiku usio na mwezi, wenye upepo wa kutosha kufunika nyayo zenu, na ingia shambani upepo ukikupiga usoni. Lipitie shamba lote mchana uone waya, mitaro na vyuma vilivyotupwa.

Washa, zungusha mwanga haraka, zima. Macho ya sungura hung'aa mekundu. Pita ukae kati yake na mashimo kabla ya kuwasha tena. Achia mbwa kandokando ya mwanga, kisha mshikilie sungura katika mwanga mpaka mwisho. Mwanga ukitangulia mbele, mbwa naye hutazama mbele na kumpoteza. Sungura akiingia shimoni, zima mara moja: giza ndilo agizo la kurudi. Usimmulike mbwa usoni, kwani hupofuka kwa muda akiwa mbioni. Mbio 8 hadi 10 fupi zatosha kwa usiku mmoja. Mbwa hatakuambia amechoka, ataendelea kukuomba.

Na fereti?

Fereti, mnyama mdogo mwembamba wa kufugwa wa jamii ya kicheche, huingia shimoni, sungura hutoka. Mbwa ana kazi mbili: kuonyesha shimo lenye sungura kwa kusimama kimya juu yake, na kumkamata anayepita nje ya nyavu. Nyavu ndogo huwekwa kwenye kila mlango. Mzoeshe mbwa fereti tangu akiwa mdogo, kwa kuwaweka karibu wavu ukiwa katikati. Mfunge fereti kola ya redio, la sivyo siku atakapoua na kulala chini utachimba mpaka usiku.

Namuua sungura namna gani bila kumtesa?

Mbwa mwenye mdomo laini humleta akiwa hai, kwa hiyo uwe tayari. Sungura wa mashimo: mkono wa kushoto unashika miguu ya nyuma, wa kulia unashika kichwa nyuma ya masikio, vidole viwili chini ya taya. Vuta chini kwa nguvu na ukunje kichwa kuelekea mgongoni kwa tendo moja. Utasikia shingo imeachia. Wa nyikani ni mzito na shingo ni ngumu: mning'inize kwa miguu ya nyuma na mpige pigo moja la fimbo nyuma ya masikio. Gusa mboni ya jicho. Ikipepesa, rudia papo hapo.

Kisha minya tumbo kwa dole gumba kuelekea mkiani ili kibofu kimwagike, kabla hakijachafua nyama.

Mbwa anatafuna windo. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha si njaa wala ushindani na mbwa mwingine. Mara nyingi mwenye kosa ni binadamu aliyemkimbilia na kumpokonya sungura, naye akajifunza kubana meno. Rudi kwenye ngozi kavu, kisha sungura aliyekufa na kupoa, na umbadilishie kwa kipande cha nyama. Inachukua wiki, na kwa wengine haifanikiwi.

Majeraha gani ni ya kawaida?

Miguu ndiyo inayoongoza: nyayo zilizokatwa, utando wa kati ya vidole uliochanika, ukucha uliong'oka, kidole kilichoteguka. Osha kwa maji ya chumvi (kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa), weka bandeji isiyonata, pamba kati ya vidole, kisha bandeji ya kuvutika isiyobana. Utando uliochanika zaidi ya sentimita moja unahitaji nyuzi, kwani usiposhonwa utachanika kila mbio. Ukucha wa pembeni, ule wa juu wa mguu wa mbele, ufungwe na utepe kabla ya kuwinda na ufunguliwe ukimaliza.

Mbwa akilia katikati ya mbio kisha akachechemea, papasa ndani ya paja. Uvimbe laini wenye joto ni msuli uliochanika. Mweke kitu cha baridi dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, na umpumzishe wiki tatu hadi sita. Akiwa amechomwa na mti kifuani, usiuchomoe, mpeleke nao.

Usimpe ibuprofeni wala parasetamoli ya binadamu.

Joto, na ule mkojo mweusi?

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Baada ya mbio kali hupanda mpaka 41 na kuzidi, na linapaswa kuanza kushuka haraka. Mbwa akiyumba, ulimi ukigeuka zambarau, mate yakawa mazito, mpoze kabla ya kumsafirisha: mmwagie maji mwili mzima, zaidi tumboni na mapajani, na mpepee. Usimfunike taulo yenye maji, kwa kuwa huzuia joto lisitoke. Acha akifika 39.5. Kinga ni kuwinda alfajiri na kutomwachia mbwa aliyekwisha hema kwa kurukaruka kwenye kamba.

Mkojo wa rangi ya kahawa, pamoja na misuli ya kiuno iliyokakamaa na kuuma, ni misuli iliyovunjika na kumwaga sumu kwenye figo. Huonekana saa chache hadi siku mbili tatu baada ya mbwa asiye tayari kukimbizwa mno. Hapo ni daktari na dripu siku hiyohiyo.

Nyama ni salama?

Kwa kawaida ndiyo, ukivaa glavu wakati wa kupasua na kupika mpaka ndani. Ini likiwa na vidoti vyeupe, tupa mnyama mzima: katika nusu ya kaskazini ya dunia kuna tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoingia mwilini mwa mtu hata kwa mkwaruzo. Vifuko angavu kama punje za njegere kwenye utando wa tumbo ni mabuu ya tegu wa mbwa. Havimdhuru mlaji, lakini mbwa akila matumbo hayo mabichi atapata minyoo. Zika matumbo, na mpe mbwa dawa ya minyoo ya prazikwanteli kila wiki nne hadi sita wakati wa msimu. Sungura wa mashimo mwenye kope zilizovimba ana miksomatosisi, ugonjwa wa virusi wa sungura. Haimpati mtu wala mbwa, ila hana cha kuliwa. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa, bila kuahirisha.

Sheria hainiruhusu. Mbwa wangu afanye nini?

Kuna mbio za chambo bandia. Mifuko myeupe ya plastiki hufungwa kwenye uzi mrefu unaovutwa na mota kupitia magurudumu madogo yaliyopigiliwa ardhini, na kila gurudumu ni kona. Njia huwa mita 500 hadi 1,000. Kona zisiwe kali kuliko pembe mraba, na anayeendesha mota aweke chambo mita 10 hadi 20 mbele ya mbwa: kikiwa mbali zaidi anakata tamaa, kikiwa karibu mno anakikamata katikati ya njia na kujizungusha uzi miguuni, na uzi huo ukivutwa hukata ngozi kama kisu.